Wasifu wa profesa wa elimu kwa mahafali hapa Bagamoyo: CV kurasa 19, muda dakika 7

MwanaDunda

Wakuu, salaam aleikum na habari za jioni.

Kamati ya mahafali imenikabidhi CV ya mgeni rasmi, profesa wa elimu aliyestaafu. Natakiwa kutoa vitu viwili: wasifu wa kusomwa ukumbini usiozidi dakika 7, na toleo la kurasa 4 la kijitabu. CV yenyewe ina kurasa 19. Za mwanzo zimepigwa chapa kwa taipureta, zilizobaki ni za kompyuta, na karibu zote ni Kiingereza.

Nimekwama sehemu hizi. Shahada ya kwanza imeandikwa ni ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1970, wakati kila mtu anajua alisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mjumbe mmoja wa kamati anasema ni makosa ya kuchapa, nibadilishe niweke Dar es Salaam. Halafu 1983 hadi 1986 alikuwa "MANTEP, Bagamoyo", na vijana wa hapa mjini hawaijui. Vyeo vya uongozi ndiyo balaa: nikitafsiri, "Mkuu wa Chuo" inatokea mara tatu kwa kazi tatu tofauti. Machapisho ni 63. Na kuna pengo la 1966 hadi 1967, halina maelezo.

Naombeni wenye uelewa mnielekeze, sitaki mzee wa watu aaibike mbele ya wanafunzi.

---

Kabati_la_Nyaraka

Hiyo 1970 usiiguse. CV iko sawa, mjumbe ndiye kakosea.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 ndipo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amekaa Mlimani miaka mitatu mizima na cheti chake kisiwe cha Dar es Salaam. Andika hivi: "alisoma Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na kutunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1970". Kabla ya kuchapa, omba kuona tarehe ya cheti. Ikiwa ya kabla ya Julai 1970, hapo hakuna mjadala.

Kanuni ni moja tu: taja taasisi kwa jina la mwaka ule, kisha jina la leo mara moja, basi. Hiyo MANTEP ni hapo hapo kwenu. Ndiyo iliyogeuzwa kuwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, mwaka 2001. Ukiandika "alifundisha ADEM 1983" umeandika kitu ambacho hakikuwapo. Ukiacha MANTEP peke yake, ukumbi mzima hautajua kwamba mgeni wao aliwahi kufanya kazi kilomita chache kutoka walipokaa. "MANTEP, ambayo leo ni ADEM" inatosha.

Nyingine zinazowaangusha watu kwenye CV za rika hilo:

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, iliyoanza 1975, ndiyo Taasisi ya Elimu Tanzania tangu 1993. SUA ya Morogoro, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ni chuo kikuu tangu 1984, kabla ya hapo ilikuwa kitivo cha Mlimani. Mzumbe ni chuo kikuu tangu 2001, awali kilikuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Chang'ombe na Mkwawa zimekuwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu mwaka 2005. Ukikuta mtu "alikuwa Chang'ombe 1978", hapo ni chuo cha ualimu. Baraza la Mitihani limeundwa kwa sheria ya 1973. Na hata TaSUBa ya hapo kwenu, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ilizaliwa 1981 kama Chuo cha Sanaa.

TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nayo ni mtego. Imetokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Ukiona sentensi "alisajili chuo TCU mwaka 1998", mwandishi amekumbuka nyuma kwa macho ya leo. Wakati huo kazi hiyo ilikuwa ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu.

---

BintiMagomeni

Kabati kamaliza majina ya taasisi. Mimi nichukue vyeo, maana huko ndiko mahafali mengi huharibikia.

"Mkuu wa Chuo" kwa Kiswahili chetu ina maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Kwenye chuo cha ualimu, tuseme Korogwe, Mkuu wa Chuo ndiye bosi wa kila siku: anasaini, anagawa vipindi, anagombana na mzabuni wa maharage. Kwenye chuo kikuu, Mkuu wa Chuo ni mlezi wa heshima, anayevaa joho na kutunuku shahada. Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2016 ni Rais Mstaafu Kikwete, wa hapo Msoga. Haingii ofisini kupanga ratiba ya mitihani. Anayeendesha chuo ni Makamu Mkuu wa Chuo.

Neno "makamu" linawapoteza wasikilizaji, wanadhani ni namba mbili. Kwenye kijitabu ongeza nusu sentensi: "Makamu Mkuu wa Chuo, yaani mtendaji mkuu wa chuo kikuu". Ukumbini mwambie mshereheshaji asithubutu kusema "Makamu wa Mkuu wa Chuo" wala "Makamu Mkuu wa Mkoa". Yametokea.

Chini yake kuna Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, na huyo lazima umtaje na fungu lake: taaluma, utafiti, au mipango, fedha na utawala. Naibu wa taaluma na Naibu wa fedha ni kazi mbili tofauti kabisa. Rasi ni mkuu wa ndaki, yaani kundi la idara ndani ya chuo kikuu, au wa chuo kikuu kishiriki. Amidi anaongoza shule kuu au kitivo. Baadhi ya vyuo husema Mtiva, fuata chuo chake kinavyosema. Mkuu wa Idara anajulikana. Kwa hiyo zile "Mkuu wa Chuo" zako tatu, fungua CV uangalie: ya chuo cha ualimu iache ilivyo, ya chuo kikuu kishiriki iite Rasi, ya chuo kikuu binafsi bila shaka ni Makamu Mkuu wa Chuo. Vyuo vya makanisa Mkuu wa Chuo mara nyingi ni askofu.

Kipimo cha haraka kwa Dar es Salaam: Makamu Wakuu wa Chuo tangu 1970 ni Pius Msekwa hadi 1977, Ibrahim Kaduma hadi 1980, Nicholas Kuhanga hadi 1988, Geoffrey Mmari hadi 1991, Mathew Luhanga hadi 2006, Rwekaza Mukandala hadi 2017, na William Anangisye aliyeshika Desemba 2017. Yeyote mwingine anayesemwa aliongoza Mlimani ndani ya miaka hiyo, jina la cheo limekosewa. Kwa faida ya mada yako: Mmari na Anangisye ni watu wa elimu. Watatu wa kwanza hawakuwa maprofesa kabisa.

Ngazi za taaluma sasa. Mkufunzi Msaidizi, Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Hakuna kuruka kienyeji. Kwa kawaida ni angalau miaka 3 kila ngazi, na maandiko ya anayeomba uprofesa hupelekwa kwa wataalamu wa nje ya chuo wayapime. Shida inakuja kwa sababu Profesa Mshiriki naye mitaani anaitwa "Profesa". Mtu anakwambia "alipata uprofesa 1988", kumbe 1988 ni ushiriki na uprofesa kamili ni 1994. Tafuta barua mbili. Na kwenye barua yenyewe usichukue tarehe ya juu kulia ambayo ni siku ilipoandikwa. Chukua ile ya ndani inayoanza na "kuanzia tarehe". Zinaweza kupishana hata mwaka.

Pia mkufunzi wa chuo cha ualimu usimwite mhadhiri, na usimshushe kuwa mwalimu tu. Waliopita Korogwe watakusahihisha papo hapo.

---

MwanaDunda

Ahsante sana, nimeshika kalamu. Binti, swali dogo: kamati inataka tumwite "Profesa Emeritus" kwa kuwa kastaafu. Sawa?

---

BintiMagomeni

La. Hiyo hutunukiwa na chuo chake kwa uamuzi rasmi, haiji na barua ya kustaafu. Kama kwenye CV haipo, andika "Profesa mstaafu". Na kama ana udaktari wa heshima, usiuweke kwenye mstari mmoja na shahada ya uzamivu kana kwamba amesoma mara mbili. Upeleke kwenye tuzo.

---

Tasnifu_na_Chaki

Machapisho 63 usiyahesabu mbele za watu. Ukumbi hausikii namba hiyo, unasikia kelele.

CV ya profesa huandikwa kwa ajili ya kamati ya kupandisha vyeo. Kila andiko lina alama, na lililoandikwa na watu watano alama yake hugawanywa. Ndiyo maana kila kitu kimo: ripoti za ushauri, mada za warsha, dibaji. Wewe kwanza yagawe mafungu matatu kwa penseli: makala zilizopitiwa na wataalamu kwenye majarida, vitabu na sura za vitabu, na ripoti. Ndani ya kila fungu wekea nyota yale ambayo jina lake ni la kwanza au yuko peke yake. Kwa mtu wa elimu wa Dar es Salaam, angalia sana jarida la Papers in Education and Development, maana huko ndiko mijadala ya ndani ilikofanyika. Zikibaki nyota kama kumi hivi, mpigie umuulize moja tu: lipi lilibadilisha kitu darasani au wizarani?

Chagua matatu kwa kijitabu na moja tu kwa ukumbi. Hilo moja lieleze kwa swali, mahali, alichokikuta na kilichofanyika. Linganisha:

"Profesa ana machapisho 63 katika nyanja za mitaala, tathmini na uongozi wa elimu ndani na nje ya nchi."

Na hii, ambayo ni mfano tu, weka ya kwake:

"Aliuliza swali ambalo kila mzazi wa hapa analijua: kwa nini mtoto anasoma ukurasa mzima kwa sauti, ukimuuliza umesema nini anakutazama? Akaenda shule za wilayani, akawapa watoto wa darasa la 3 hadithi fupi na maswali. Alichokikuta ndicho kilichoingia kwenye mafunzo ya walimu."

Ya pili ina maneno mengi kuliko ya kwanza, lakini watu wataipeleka nyumbani.

Tasnifu yake ya uzamivu, kama ilifanyika Dar es Salaam au inahusu nchi hii, itafute Maktaba ya Mlimani kitengo cha East Africana. Jina la tasnifu liandike lilivyo kwenye jalada. CV nyingi hulikata, na mwaka wa tasnifu mara nyingi si mwaka wa kutunukiwa. Iliyowasilishwa Novemba hutunukiwa mwaka unaofuata. Wasifu hutumia mwaka wa kutunukiwa.

Kuhusu tume: watu wa elimu wa rika hilo wengi wana mstari wa "Tume ya Makweta". Ni Tume ya Rais ya Elimu iliyoteuliwa 1981 chini ya Jackson Makweta na kutoa ripoti 1982. Mjumbe wa tume, mtu wa sekretarieti, na mtaalamu aliyeandika mada kwa ajili ya tume ni watu watatu tofauti. Fungua kurasa za mbele za ripoti uone jina lake liko wapi.

Sasa uongozi. Waandishi hupenda kusema "chini ya uongozi wake chuo kilipiga hatua kubwa". Hiyo ni hewa. Unachohitaji ni jozi za namba: wanafunzi wangapi siku anaingia na wangapi anatoka, wahadhiri wangapi wenye uzamivu mwanzo na mwisho, programu zipi zilipata ithibati. Ofisi ya mipango ya chuo chochote inazo. Majengo usiyakimbilie. Jengo linalofunguliwa na kiongozi huyu mara nyingi liliombewa fedha na aliyemtangulia, na mtangulizi anaweza kuwa ameketi mstari wa mbele. Afadhali watu aliowapeleka kusoma. Kiongozi wa chuo anayetoka kwenye fani ya elimu umpime kwa ufundishaji kwanza, mabati na nondo baadaye.

Mfano mzuri wa maisha ya namna hiyo ni Mmari aliyetajwa hapo juu. Fani yake ni ufundishaji wa hisabati. Alipotoka Mlimani akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, akakiongoza hadi 2005. Chuo ambacho mwanafunzi yuko Pangani na mhadhiri yuko Dar kinasimama au kuanguka kwa kitu kimoja: kama maandishi ya somo yanaweza kufundisha bila mwalimu kuwapo. Hilo ni swali la mtu wa elimu. Ukiweza kuonyesha kwamba uongozi wa mgeni wako ulitokana na fani yake, wasifu umekamilika. Vivyo hivyo kwa Profesa Joyce Ndalichako: fani yake ni upimaji, akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani kabla ya kuwa Waziri wa Elimu. Mstari unaonekana wenyewe, huhitaji kuupamba.

---

Kaole_Kwetu

Hilo pengo la 1966–67 mimi naona uliweke wazi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana Dar kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, na wengi wakarudishwa baadaye. Tarehe zinaingia kama ufunguo na kufuli. Ni historia, si aibu.

---

Kabati_la_Nyaraka

Kaole, naomba nitofautiane kidogo. Tarehe kuingiana si ushahidi. Mwaka huohuo mtu angeweza kuwa anaumwa, au anafundisha kwa mkataba, au ana msiba wa mzazi. Usiandike kwa kukisia, na usimuulize mbele ya watu. Mpigie, mwulize kwa adabu: "Profesa, kijitabu kinaruka kutoka 1966 hadi 1967, ungependa tuandikeje?" Akisema weka, weka kwa maneno yake. Akinyamaza, andika mwaka wa kuanza na wa kuhitimu bila kuhesabu miaka. Sentensi "alihitimu 1970" haidanganyi mtu.

Mapengo mengine yana maelezo ya sera, na hayo unaweza kuyaandika bila wasiwasi. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, mhitimu wa kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipita JKT, kisha kazini angalau miaka miwili, na akahitaji barua ya mwajiri na ya chama. Kwa hiyo ukiandika wasifu wa mtu aliyemaliza kidato cha sita 1975 na kuingia chuo 1978, usione kama alifeli. Na Mlimani ilifungwa na serikali Mei 1990 hadi mapema 1991. Waliokuwa masomoni wana mwaka uliopotea kwenye vyeti vyao. Amidi au Mkuu wa Idara wa wakati huo ana la kusema kuhusu miezi hiyo, mwulize.

Halafu angalizo: Kitivo cha Elimu pale Mlimani kimeanzishwa 1989. Kabla yake ilikuwa idara. Kama CV inasema alikuwa Amidi wa Elimu 1987, kuna tarehe au cheo kimeteleza.

---

Kaole_Kwetu

Nimekubali, Kabati. Aulizwe mwenyewe.

Niongeze la ukumbini basi. Kiswahili cha kusomwa hadharani ni maneno 100 hadi 110 kwa dakika, maana maneno yetu marefu. Dakika 7 ni maneno 700 na kidogo, lakini kuna makofi, vigelegele na spika kupiga mluzi. Andika 600, yasizidi 650. Miaka isizidi minane ndani ya hayo. Mingine yote iende kwenye kijitabu. Namba ziandike kwa maneno kwenye nakala ya msomaji, "elfu moja mia tisa na sabini", la sivyo atasita katikati au atasoma "kumi na tisa sabini".

Chapa herufi za ukubwa wa 16, mistari iachane, sentensi isivuke ukurasa. Kurasa usizibane kwa stepla, weka klipu, na ziwe na namba. Mkiwa chini ya turubai upepo wa bahari utazichanganya. Jina la chuo cha nje alikosoma muulize linatamkwaje, kisha liandike pembeni kwa matamshi yetu. Na wasifu usomwe mapema, kabla ya risala. Ukisukumwa hadi baada ya saa sita mchana, adhana za misikiti ya mjini zitapokezana na nusu ya ukumbi itaanza kutoka.

---

MwanaDunda

Nashukuru wote. Mrejesho: cheti kina tarehe ya kabla ya Julai 1970, kwa hiyo Afrika Mashariki inabaki. Barua za vyeo zimepatikana mbili kama Binti alivyosema; niliyokuwa nimeiandika kuwa ya uprofesa ni ya ushiriki. Kuhusu 1966 nimempigia, kacheka sana, kasema, "Andika nilifukuzwa, nikarudi, nikamaliza." Nimeiandika hivyo hivyo.

Limebaki moja. Kwenye CV kajiita Profesa, lakini kwenye simu kaomba mshereheshaji amwite Mwalimu. Kamati inasema itaonekana tumemshusha.

---

BintiMagomeni

Kijitabu: "Profesa" na jina kamili kwenye kichwa. Ukumbini: "Profesa" mara moja anapotambulishwa, kisha "Mwalimu" hadi mwisho. Na mwambie mshereheshaji aache lile "Mheshimiwa" lake.